Kwa nini kazi hushuka baada ya saa 7 mchana katika karakana yetu ya ushonaji?

Msimamizi wa Temeke (mleta mada)

Shikamooni wakubwa, na wengine wote nawasalimu. Ninasimamia karakana inayoshona sare za shule na za walinzi hapa Dar es Salaam, ndani ya godauni la kupanga lenye paa la mabati matupu, bila dari. Tuna washonaji 34, karibu wote wanawake, na wengi wao hulipwa kwa kipande. Kuanzia saa 2 asubuhi hadi saa 6 mchana kazi huenda vizuri sana, lakini baada ya chakula mambo hubadilika: mishono hupinda, nguo za kufumuliwa huongezeka, na kila siku wawili au watatu hulalamika kuumwa kichwa. Mwezi wa Januari dada mmoja mjamzito alianguka karibu na meza ya pasi, ingawa namshukuru Mungu hakuumia.

Nimetundika kipimajoto cha kawaida ukutani, na saa 8 mchana husoma nyuzi 36, wakati nje kivulini huwa ni 32 hivi. Tuna feni 4 kubwa. Nimenunua pia dumu la maji ya kunywa la lita 20, ambalo hujazwa kila asubuhi, lakini cha kushangaza ni kwamba jioni hulikuta limebaki nusu. Kadhalika, mahudhurio yameshuka, na vyeti vingi vya kliniki ninavyoletewa vinataja UTI (maambukizi ya njia ya mkojo), jambo ambalo nadhani halihusiani na joto. Ili kupunguza upotevu wa muda, tangu mwaka jana tumeweka daftari la kutoka, ambamo kila anayekwenda chooni huandika saa ya kutoka na ya kurudi, na ufunguo hukaa mezani kwangu.

Swali langu ni hili: je, joto peke yake linaweza kushusha kazi kiasi hiki, au washonaji wamezoea uvivu wa mchana? Na kama ni joto, nianze na nini, nikizingatia kwamba mwenye karakana hana fedha nyingi?

Bwana Afya Mstaafu

Marahaba, ndugu mleta mada. Nimefanya ukaguzi wa sehemu za kazi kwa miaka mingi, na neno uvivu nimelisikia mara nyingi kutoka kwa watu wanaokaa kwenye chumba chenye kiyoyozi. Wewe angalau umepima, na kipimo chako chenyewe kinakujibu.

Mwili wa binadamu hujitahidi kubaki karibu na nyuzi 37, na njia yake kuu ya kujipoza wakati wa joto ni jasho kukauka juu ya ngozi. Katika pwani yetu wakati wa kaskazi, hewa tayari imejaa unyevu, kwa hiyo jasho hutiririka bila kukauka, na jasho linalodondoka sakafuni halipozi chochote. Hapo moyo hulazimika kusukuma damu nyingi kwenda kwenye ngozi, misuli na ubongo hupungukiwa, na mtu hupoteza umakini kabla hajajihisi mgonjwa. Mshono uliopinda ni dalili ya mwanzo, kichwa ni ya pili, na yule dada aliyeanguka alikuwa amekwisha kuvuka zote mbili. Mjamzito hapaswi kabisa kukaa karibu na pasi za mvuke.

Shirika la Kazi Duniani lilikadiria mwaka 2019 kwamba mtu anayefanya kazi ya nguvu ya wastani hupoteza karibu nusu ya uwezo wake joto linapofika nyuzi 33 au 34. Kushona ni kazi nyepesi kidogo kuliko hiyo, lakini godauni lako limepita hapo. Isitoshe, kipimajoto cha ukutani hakisomi unyevu wala joto linaloshuka kutoka kwenye bati. Wakaguzi hutumia kipimo kiitwacho WBGT, ambacho kwa kazi za ndani huupa unyevu uzito mkubwa zaidi, asilimia 70, na kilichobaki ni cha joto la mnururisho, yaani lile linalotoka kwenye vitu vya moto kama bati, linalopimwa kwa tufe jeusi.

Kuna jambo moja ambalo wengi hulisahau: mwili huhitaji takribani wiki moja hadi mbili kuzoea joto. Mshonaji mpya, au aliyerudi kutoka likizo ya uzazi, asipewe kiwango cha vipande sawa na wenzake katika siku zake za kwanza.

Kuhusu sheria, Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi Na. 5 ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri atoe maji safi ya kunywa na vyoo vya kutosha, na Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi mapumziko ya dakika 60 anapofanya kazi zaidi ya saa 5 mfululizo. Lakini hilo dumu linalobaki nusu linanisumbua zaidi kuliko paa. Lita 10 kwa watu 34 ni chini ya theluthi moja ya lita kwa kila mtu, kwa siku nzima, katika nyuzi 36! Nani anawazuia kunywa?

Fundi Paa

Mimi ni fundi wa paa, nitaongea kuhusu paa tu. Bati lisilopakwa rangi huweza kupita nyuzi 60 juani, na kwa kuwa halina dari chini yake, linawachoma watu vichwani kama mkaa wa juu wa mkate wa kumimina. Feni zako zinaizungusha hewa ileile.

Kwa mpangilio wa gharama, kwanza paka bati rangi nyeupe ya kuakisi jua. Chokaa nayo husaidia, ingawa masika huiosha na itabidi urudie kila mwaka. Pili, fungua matundu ya kutolea hewa kwenye kilele cha paa na mengine chini ukutani, ili hewa ya moto ipande na kutoka yenyewe. Dari ije baadaye, na usiiweke bila kuacha njia ya hewa juu yake, la sivyo utakuwa umejenga oveni ya ghorofa mbili. Angalia pia upepo: kaskazi huvuma kutoka kaskazini-mashariki katika miezi yenu ya joto, kwa hiyo madirisha ya upande huo ndiyo ya kufungua, na mara nyingi ndiyo ambayo watu huyaziba kwa marobota ya vitambaa.

Wazee wetu wa pwani walilijua jambo hili. Paa la makuti halihifadhi joto, na lilikuwa na mwanya juu.

Mshonaji wa Tanga

Kaka yangu, nimeshona katika karakana za namna hiyo kwa miaka 11, na nitamjibu Bwana Afya kwa niaba ya hao dada zako: anayewazuia kunywa ni daftari.

Mtu anayelipwa kwa kipande akiamka kwenye cherehani anaacha fedha pale. Ukiongeza kwamba lazima apite mbele ya wenzake, aombe ufunguo kwa mwanamume, aandike dakika zake, na kesho asikie zikisomwa, anajifunza haraka sana namna ya kuepuka safari hiyo. Sisi tulikuwa tukinywa chai asubuhi nyumbani kisha hatuonji maji hadi jioni. Hakuna aliyetukataza. Tulijikataza wenyewe, na tuliwafundisha wasichana wapya wafanye hivyo hivyo. Mkojo tulioubana tukaulipia kliniki, na ndizo hizo UTI ambazo wewe unadhani hazihusiani. Zinahusiana kabisa: asiyekunywa hakojoi, na asiyekojoa vijidudu havisafishiki.

Fundi Paa amesema vizuri, lakini ukipaka bati rangi leo na daftari likabaki, dumu litaendelea kubaki nusu. Kuliondoa daftari hakuna gharama.

Msimamizi wa Temeke

Nashukuru, dada, ingawa maneno yako yamenichoma. Naomba nieleweke: kabla ya daftari kulikuwa na watu wawili waliokuwa wakikaa chooni nusu saa na simu, na oda ya shule moja ilichelewa. Sikuweka daftari kwa nia ya kumdhalilisha mtu.

Hata hivyo, jana nililifungua na kulisoma kwa mara ya kwanza kwa makini. Katika wiki mbili, washonaji 9 hawajaandika jina hata mara moja. Nilikuwa nikiwahesabu kuwa ndio wafanyakazi bora.

Bwana Afya Mstaafu

Hao 9 ndio wa kuwahofia zaidi. Katika mashamba ya miwa ya Nicaragua na El Salvador, wakataji vijana wamekuwa wakifa kwa ugonjwa wa figo usiotokana na kisukari wala shinikizo la damu, na watafiti wengi wanauhusisha na kazi nzito katika joto pamoja na kukaukiwa maji siku baada ya siku. Nao pia hulipwa kwa wingi wa walichokata, kwa hiyo kila pumziko hulipunguza fungu la mtu. Sisemi kwamba washonaji wako watafika huko, maana kukata miwa juani ni kazi nyingine kabisa, bali nasema kwamba namna ya kulipa inaweza kuingia mwilini kama joto linavyoingia.

Uingereza nako, utafiti wa watumishi wa serikali uitwao Whitehall, ulioanza mwaka 1967 na kuongozwa baadaye na Michael Marmot, uligundua kwamba wanaume wa vyeo vya chini kabisa walikuwa wakifa kwa kiwango cha karibu mara 3 ya wale wa vyeo vya juu, na uvutaji sigara na sababu nyingine zilizozoeleka zilieleza sehemu tu ya tofauti hiyo. Utafiti wa pili, ulioanza mwaka 1985 na kuhusisha wanawake pia, ulionyesha kwamba mtu asiye na kauli juu ya kazi yake mwenyewe alikuwa katika hatari kubwa zaidi ya ugonjwa wa moyo. Watu hao hawakuwa chini ya bati. Walikuwa ofisini London, wana maji na choo, lakini hata mwendo wa siku yao ulipangwa na mtu mwingine.

Kwa hao wawili wa simu, zungumza nao wawili. Usiwatibu watu 34 kwa ugonjwa wa wawili.

Fundi Paa

Naongeza jambo kuhusu joto linalozalishwa humo ndani. Kama vyerehani vyenu vina mota za zamani za klachi, hizo huzunguka na kutoa joto muda wote hata mshonaji anapopanga kitambaa. Mota za sevo huzunguka mguu unapokanyaga tu, na hupunguza umeme. Taa nazo vilevile: huko Bangalore, India, viwanda vya nguo vilivyoweka taa za LED badala ya zile ndefu za zamani viliona uzalishaji katika siku za joto ukiongezeka, kwa sababu taa hizo hutoa joto kidogo. Meza ya pasi ihamishwe karibu na mlango wa upande ambako upepo hutoka nje, si unakoingilia.

Msimamizi wa Temeke

Mwenye godauni ameruhusu rangi lakini amekataa matundu kileleni, anaogopa mvua. Meza ya pasi nimekwisha kuihamisha. Ufunguo nimeutundika kwenye msumari kando ya mlango wa choo, na daftari nimeliondoa kwa mwezi mmoja wa majaribio. Leo ni siku ya 4. Dumu liliisha saa 9 alasiri, ikabidi nijaze tena. Kuhusu vipande bado sijajua la kufanya, kwa sababu bei hupangwa na mwenye karakana.

Mshonaji wa Tanga

Hapo umefanya, kaka. Mwambie mwenye karakana alipe walau mapumziko mawili ya dakika 10, asubuhi na alasiri, kwa wastani wa vipande vya mtu, ili kunywa maji kusiwe hasara. Na nikuulize jambo ambalo dada zako hawatakuambia: choo hicho kina komeo ndani, maji ya bomba au ndoo, na pipa la taka lenye mfuniko? Kama hakina, kuna siku kadhaa kila mwezi ambazo hata ufunguo ukining'inia pale hautaguswa.