MREJESHO: Epsom 1913, Craganour alinyang'anywa Derby kwa kosa gani?

Wakuu, narudi na mrejesho. Wiki mbili zilizopita niliuliza kama kweli farasi Craganour alinyang'anywa ushindi wa Derby ya 1913, mbio kubwa za farasi za Epsom, Uingereza, kwa sababu ya yule mwanamke aliyegongwa na farasi wa Mfalme. Tulibishana kijiweni, dau kreti ya soda.

Asanteni sana, hasa aliyeniambia niachane na simulizi, nitazame filamu ya siku yenyewe, Juni 4. Nimeirudia mara kumi. Emily Davison, yule mwanamke, mwanaharakati wa haki ya wanawake kupiga kura, anaingia njiani, Anmer wa Mfalme George V anamgonga, na hapo wanaoongoza wameshapita! Craganour alifika wa kwanza, ila waamuzi wakamwondoa kwa kuwasukuma wenzake mbioni, ushindi ukaenda kwa Aboyeur, farasi wa 100 kwa 1 kwenye kamari, yaani karibu hakuna aliyemtegemea. Mambo mawili tofauti kabisa.

Ushauri wa kuchimba nia ya Davison, kama alikusudia kufa au la, haukunifikisha popote. Alifariki Juni 8 bila kurudiwa na fahamu, na alikutwa na tiketi ya treni ya kurudia. Hapo kila mtu ana lake.

Soda bado sijalipwa. Jamaa anadai filamu yenyewe haina sauti.