Bogenvilia zinachipua halafu zinakufa, nakosea wapi?

Mnkuhungu
Wakuu, habari za humu. Niko Nkuhungu, Dodoma, nataka uzio wa bogenvilia na miche ya kununua mfuko hauwezi. Mwezi wa nane nilikata vijiti 30 kwa jirani, nikavichomeka kwenye viriba vya udongo na samadi, uani nyuma ya tangi. Wiki ya tatu karibu vyote vikachipua, nikamwita mama watoto aje aone! Wiki ya tano vinanyauka. Nimeng'oa kimoja: mzizi hakuna, chini kimekuwa cheusi. Namwagilia asubuhi na jioni. Ni haya maji ya kisima yenye chumvi, au nina mkono mbaya?

Bibi Viriba
Mkono wako hauna neno, mwanangu, ni majani yamekudanganya. Kijiti kina akiba yake ya chakula, kinachipua hata bila mzizi. Akiba ikiisha kinanyauka. Bogenvilia ni mvivu, mpe wiki sita hadi nane. Wala usimng'oe kuchungulia, vimizizi vyake vinakatika upesi.

Huo weusi ni kuoza: samadi, na maji mara mbili kwa siku. Mimi natumia mchanga wa korongoni, ule wa chenga kubwa, nauosha kwanza. Kata tawi lililokomaa, unene wa penseli, sentimita 20, chini ya kifundo. Maua toa yote, majani bakiza mawili. Weka kivulini, kisha ukifunike kijiti na chupa ya maji iliyokatwa kitako, maana upepo wetu wa kiangazi unakausha kijiti kabla hakijajua kimepandwa. Mifuko ya plastiki si ilipigwa marufuku 2019, chupa ndiyo mkombozi wangu. Maji usitie tena mpaka mchanga uanze kukauka. Chumvi nayo inachangia, ukiona ukoko mweupe juu ujue ndiyo hiyo.

Mzee wa Bahi
Mnajitesa. Subiri mvua za Desemba uchomeke minyaa. Unakata, unaacha kidonda kikauke siku chache, unachomeka ardhini. Basi.

Mnkuhungu
Mzee, shikamoo. Minyaa hapana, nina mtoto wa miaka miwili, ule utomvu ukimwingia machoni nitasema nini? Bibi, chupa naanza kukusanya leo. Kuna kijiti kimoja bado kibichi, nikihamishie kwenye mchanga?

Bibi Viriba
Kiache hapohapo. Na mkono wako ukae mbali nacho.