Kulima kwa maksai na punda bila kuwatesa: naombeni ushauri

ShambaLaMaswa
Wadau, habari za leo. Nina ekari 6 Maswa, pamba na mahindi. Mpaka sasa nakodi maksai na kulipa kwa ekari. Wanaletwa wakiwa na vidonda shingoni, na wanachapwa tangu saa 12 asubuhi hadi jua la saa 7. Nafikiria kununua jozi yangu, pamoja na punda mmoja wa kubeba maji. Nina maswali mawili. Kwanza, kumtumikisha mnyama ni haki, au tumezoea tu? Pili, kama ni haki, mipaka yake ni ipi? Naomba vipimo, maana "usimchoshe" kila mtu anasema.

NiraNaMnyororo
Mkuu, anza na malipo, kwa sababu ukatili mwingi unatokea hapo. Ukilipa kwa ekari, mswagaji (anayewaongoza maksai) anapata zaidi kadiri anavyowakimbiza. Lipa kwa asubuhi: nira ifungwe saa 12, ifunguliwe saa 4, au saa 5 kukiwa na mawingu. Kwa muda huo jozi moja ya zebu, ng'ombe wa kienyeji wenye nundu, inamaliza kama nusu ekari. Anayekuahidi ekari mbili kwa siku kwa jozi moja atazipata kwa fimbo.

Sasa vipimo. Maksai anaweza kuvuta kwa saa kadhaa mfululizo nguvu ya karibu asilimia 10 hadi 12 ya uzito wake. Wawili wa kilo 280 kila mmoja wanakupa kilo 56 hadi 67, basi. Udongo wa mbuga, ule mfinyanzi mweusi, ukiwa mkavu unadai zaidi ya hapo, ndiyo maana watu hufunga jozi mbili. Subiri mvua ilainishe ardhi, na ulime sentimita 10 hadi 15, usizidishe.

Angalia plau, yaani jembe la kukokotwa, kabla ya kumlaumu ng'ombe. Chuma kinachokata kikiwa butu, mzigo unaongezeka hapo hapo. Mnyororo ukiwa mfupi, plau inanyanyuka, mlimaji anaikandamiza kwa mikono, na wanyama wanavuta na uzito wake. Mita 2.5 hadi 3 zinatosha kwa wengi.

Vidonda vya shingo vina sababu zake: nira yenye gome au fundo la mti, kamba nyembamba, tope lililokauka chini ya nira, na jozi isiyolingana kimo. Wakipishana kimo, nira inalala upande na mmoja anaumia. Nira ya kulimia iwe na sentimita 90 hadi 100 kutoka katikati ya shingo moja hadi nyingine. Ya kupalilia mistari ya sentimita 75 iwe na 150, ili kila ng'ombe apite kwenye nafasi yake bila kukanyaga mimea. Pale inapokaa mbele ya nundu pachongwe mviringo na kusuguliwa kwa msasa mpaka kiganja kisikwaruzwe.

VetiWaKijijini
Naongezea afya. Kazi kubwa inaanza Novemba na Desemba, wakati mnyama ametoka kwenye kiangazi akiwa amekonda kuliko miezi yote. Huu ndio ukatili usioonekana, na unaweza kuuzuia. Kuanzia Oktoba mpe kila maksai mashudu ya pamba kilo 1 hadi 2 kwa siku juu ya mabua, chumvi ya kulamba, na maji lita 30 hadi 40. Kama mbavu zote na mifupa ya nyonga unaiona ukiwa mbali, huyo hafungwi nira.

Kidonda kikitokea, kazi inasimama. Kuweka kitambaa juu yake na kuendelea kulima kunakichimba zaidi. Safisha kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, lita 1 kwa vijiko vidogo 2 vya chumvi, kisha dawa ya kidonda na ya kufukuza inzi kutoka kwa afisa mifugo. Oili chafu ya injini usipake kabisa, inaunguza ngozi na kuficha usaha. Asirudi kazini mpaka ngozi imefunga kabisa.

Shambani, akihema mdomo wazi ulimi nje, akilala, au akikataa kwenda hata akiitwa jina, hiyo ndiyo lugha yake. Fungua nira, mpeleke kivulini. Na ujue Tanzania ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008. Kumpiga mnyama aliyeanguka si jambo la kati yako na mswagaji peke yenu.

SautiYao
Mimi napinga mapema zaidi. Hata asipokuwa na kidonda, ng'ombe hakukubali kazi hii, na akichoka anachinjwa. Kodi trekta.

NiraNaMnyororo
Hoja yako ina uzito na siwezi kuibeza. Lakini trekta la kukodi linalima, halipalilii. Maksai wakiondoka, palizi ya ekari 6 inarudi kwenye migongo ya kina mama na watoto kwa jembe la mkono. Mimi naona haki ni kupunguza kazi yenyewe. Mkuu, tumia ripa, ile inayopasua mstari wa kupandia tu. Piga hesabu: ekari moja ina mita za mraba 4,047. Plau inayokata upana wa sentimita 25 inamtembeza ng'ombe zaidi ya kilomita 16. Ripa kwa mistari ya sentimita 75 ni kama kilomita 5 na nusu. Magugu yatakuja mengi zaidi, hilo ujiandae nalo kwa palizi ya mapema.

MamaWaPunda
Punda asifungwe nira ya ng'ombe. Hana nundu. Yeye anasukuma kwa kifua, na nira inakaa juu ya mifupa ya shingo. Kwa mkokoteni tumia mkanda wa kifua wa sentimita 8 hadi 10, upite juu ya kiungo cha bega na chini ya koromeo ili asikabwe.

Akibeba mgongoni, punda wa kilo 130 mwekee madumu mawili ya lita 20, moja kila upande, juu ya magodoro mawili yaliyoachana katikati ili uti wa mgongo usiguswe. Madumu manne ni ya mkokoteni. Jike mwenye mimba apumzike miezi mitatu ya mwisho. Nunua wawili, punda akiwa peke yake anadhoofika. Na panga uzee wake sasa, anaweza kuishi miaka 25 na zaidi. Umoja wa Afrika ulikubaliana Februari 2024 kupiga marufuku uchinjaji wa punda kwa ajili ya ngozi, kwa hiyo usimtazame kama atakayeuzwa kwa dalali akizeeka.

ShambaLaMaswa
Asanteni sana. Nitaanza na malipo ya asubuhi, kisha ripa. Mama, huo mkanda nitengeneze kwa nini?

MamaWaPunda
Turubai nzito iliyokunjwa mara mbili, au mikanda ya viti vya magari miwili ikishonwa sambamba. Tyubu ya tairi isiguse ngozi, inashika jasho na kuchubua. Kamba ya nailoni ndiyo mbaya kuliko zote. Mishono na vifungo vya chuma vikae upande wa nje, na mkanda uoshwe kila wiki, maana jasho likikauka linakwaruza kama mchanga.