DVD za kwaya kuziingiza kwenye kompyuta ili tukate klipu: njia ipi bora?

SautiYaPili: Habari za jioni wakuu. Nina DVD za matamasha ya kwaya yetu, kuanzia 2008. Uongozi unataka vipande vifupi vya YouTube na stetasi za WhatsApp kabla ya jubilei. Nimeambiwa njia tatu: kunakili mafaili moja kwa moja, kutumia programu ya HandBrake, au kununua kile kifaa cha USB chenye matundu mekundu, meupe na ya njano ya kuchomekea nyaya za deki. Ipi bora? Bajeti ndogo.

FundiMitambo: Mkuu, umeuliza nusu swali. Kompyuta yako ina sehemu ya kuingiza DVD? Diski zilirekodiwa na kamera, na mashine ya kurekodia, au mpiga video alizitengeneza zikiwa na menyu? Na utahariri kwa programu gani?

Kibo77: Maswali yote hayo ya nini? Programu ya MakeMKV, basi. Ndani ya DVD kuna folda ya VIDEO_TS, video imegawanywa kwenye mafaili ya VOB yasiyozidi GB 1 kila moja, wimbo unaweza kukatikia katikati ya kiitikio. MakeMKV inayaunganisha bila kuigusa picha. HandBrake inabana upya, ubora unashuka hata hujaanza kukata.

Mhariri_Mtaani: Sawa, halafu ampelekee mtu anayehariri kwa CapCut faili la MPEG-2, yaani video ilivyo kwenye DVD, likatae kufunguka. HandBrake inatoa MP4 inayofunguka popote. Ila uwashe kichujio cha kuondoa mistari, la sivyo wakicheza kwaya mikono inaonekana kama meno ya kitana.

BiSomoe: Mwenzenu nilipeleka DVD za harusi ya dada yangu dukani, fundi akaniahidi "HD". Kumbe kachomeka deki kwa nyaya, karekodi kwa hicho hicho kifaa cha USB, mwenyewe kaenda kula. Picha imevutwa ijaze skrini pana, bibi harusi kanenepa ghafla. Sauti imechelewa, vigelegele vinapigwa bwana harusi keshapita. Katikati deki imesimama, nembo inarukaruka kwenye skrini robo saa nzima! Diski halisi akazibandika karatasi za gundi, sasa moja haisomeki kabisa. Nyaya hizo sizitaki hata kwa bure.

FundiMitambo: Pole dada. Hapo kosa ni la fundi, si la nyaya. Diski iliyokwaruzika kompyuta inaweza kuigomea, deki ikaicheza.

Kibo77: Na karatasi za gundi zinaiyumbisha diski ikizunguka. Andika kwa kalamu ya wino wa maji.

Mhariri_Mtaani: Mimi natumia kalamu ya kawaida miaka yote, hakuna kilichoharibika.

Kibo77: Subiri.

Tenor_wa_Mwanza: Tuacheni kalamu. Hizo klipu za stetasi ni za kusimama? DVD zetu ni 720 kwa 576. Ukikata umbo la kusimama la 9:16 unabaki na upana wa kama pikseli 324, ukiukuza hadi 1080 waimbaji wanakuwa ukungu. Acha picha ilivyo, weka rangi juu na chini.

SautiYaPili: Asanteni. Laptopu ni Windows, kisomaji cha DVD nimeazima cha nje cha USB. Diski nyingi zilirekodiwa na mashine ya parokia, hazina menyu. Tatizo jipya: mbili zinaonekana tupu kabisa, ila upande wa chini rangi inaonyesha zimerekodiwa.

FundiMitambo: Ndiyo maana niliuliza! Hazikufungwa baada ya kurekodi. Zirudishe kwenye mashine ile ile, tafuta "Finalize". Usikubali ikikuambia ifomati.

SautiYaPili: Mashine alibaki nayo katibu wa zamani, kahamia Tukuyu.

Kibo77: Jaribu programu ya IsoBuster, inasoma diski za namna hiyo. Zilizobaki, MakeMKV.

Mhariri_Mtaani: HandBrake.

BiSomoe: Kuna mtu wa Tukuyu humu?