Tupeane uzoefu: dereva wa masafa na lori lake la zamani, unakumbuka nini?

Mwana wa Fiat

Wakuu, salaam kwenu.

Juzi nilikuwa Chalinze nasubiri basi, likapita lori moja kuukuu. Aina yake hata sikuijua maana kabini ilishabadilishwa, lakini mlio wake ulinifanya nisimame. Ghafla nikawa mtoto wa miaka minane, niko kitandani Morogoro usiku wa manane, naisikia Fiat ya baba inakuja kutoka upande wa Msamvu na mama anainuka kwenda kuwasha jiko. Mama hakungoja barua wala mjumbe. Ile gari aliijua kwa namna ilivyoshuka gia: kutoka ya nne kwenda ya tatu kulikuwa na mkwaruzo, na nyuma ya mkwaruzo unafuata mlio mzito kama mtu anayekohoa kutoka kifuani. Akiusikia anasema, "Baba yenu huyo." Sikumbuki siku aliyokosea.

Baba alianza safari za Zambia mwaka 1966. Kwa wadogo zangu wasioijua habari hiyo: Novemba 1965 Ian Smith alijitangazia uhuru kule Rhodesia, na Zambia ikakatiwa njia yake ya mafuta. Ikabidi mafuta yapitie Dar es Salaam. Bomba la TAZAMA lilikuwa halijawa tayari mpaka 1968, na reli ya TAZARA ujenzi wake ulianza 1970. Kilichokuwapo ni barabara, na barabara yenyewe ni vumbi kiangazi, tope masika. Walikwenda na mapipa ya mafuta, wakarudi na shaba. Zikaletwa Fiat 682, zile zenye urembo puani kama masharubu. Dar hadi Tunduma ni zaidi ya kilomita 900, na baba anasema masika waliihesabu kwa siku, hawakuihesabu kwa kilomita.

Shaba aliiogopa kuliko mafuta. Ukiitazama kwa mbali unaona gari tupu, kwa sababu mzigo umelala chini kabisa kwenye bodi, mfupi, ila uzito wake umekamilika. Halafu ndiyo unateremka nao mlima Kitonga. Kanuni yake ilikuwa moja tu: gia uliyopandia ndiyo utakayoshukia. Ukishaanza kuteremka usijaribu kubadilisha, maana ukikosa kuingiza gia, gari si lako tena.

Basi mwenye baba, mjomba, mume, au wewe mwenyewe uliyeshika usukani wa Bedford, Leyland, Scania, Isuzu, Fiat, hebu tupeane. Nataka gari, njia, na kile kitu ambacho hakijakutoka kichwani.

Utingo Mstaafu

Mkuu, umenigusa pabaya. Nilikuwa utingo, yaani msaidizi wa dereva, wa Scania 110 kuanzia 1983 hadi 1989, Dar–Tunduma, mara chache Songea.

Vijana wanadhani kazi ya utingo ni kukaa kushoto na kuchungulia kioo. Sisi Kitonga tuliipanda kwa miguu. Gari likiwa limejaa, linakwenda taratibu kiasi kwamba unatembea nyuma ya tairi la nyuma na gogo begani. Likikata pumzi, unalitupa gogo nyuma ya tairi kabla halijaanza kurudi. Gogo langu lilikuwa la mninga, limechongwa pembetatu, na juu lilipigiliwa nondo iliyokunjwa kama mpini wa ndoo. Nililirithi kwa utingo aliyenitangulia. Yeye alikuwa hana vidole viwili vya mkono wa kulia. Nondo ile aliiweka baada ya vidole kwenda.

Miaka ile spea hakuna. Tangi la dizeli lilitobolewa na jiwe tukiwa Iyovi. Dereva wangu akashuka, akatazama, akaniambia lete sabuni. Ukikata kipande cha sabuni ya mche, ukakikanda kwa vidole mpaka kikalainika kama ugali, ukakishindilia kwenye tundu, dizeli haikiyeyushi. Tulifika Mbeya na lile tangi, tukapakia, tukarudi nalo Dar vilevile. Maji ndiyo adui wa sabuni, kwa hiyo mvua ikinyesha nilikuwa nashuka kuitazama.

Usiku mmoja tulivunja springi katikati ya mbuga ya Mikumi. Tumekata matawi, tumeyapanga barabarani nyuma na mbele kuwaonya wenzetu, kisha tukapanda juu ya mzigo, tukajifunika turubai. Simba walikuwa wanaunguruma upande wa kulia, mbali kidogo. Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Dereva hakulala. Kila baada ya muda aliniita jina, nikiitikia ananyamaza. Nilikuja kujua baadaye kwamba alikuwa anahofia nisije nikageuka usingizini nikadondoka.

Yeye ndiye aliyenifundisha kuendesha. Geji zote za ile Scania zilikuwa zimekufa. Aliniambia, "Usiitazame hiyo, sikiliza."

Fundi Nozeli

Nathibitisha hilo la kusikiliza. Nina gereji Iringa, Ipogolo, zaidi ya miaka thelathini. Dereva wa siku hizi anakuja anakwambia taa imewaka. Dereva wa zamani alikuwa anakuja anakuigizia mlio kwa mdomo, na kweli ukifungua unaukuta ugonjwa pale pale aliposema. Nimewaona wanachukua bisibisi ndefu, ncha wanaigusisha kwenye nozeli, ile inayopuliza dizeli ndani ya injini, mpini sikioni, wanahama nozeli moja hadi nyingine injini ikiwa inaunguruma. "Ya nne haipigi." Unaichomoa ya nne, imeziba.

Kutoa hewa kwenye mfumo wa dizeli, kubadilisha senta bolti ya springi, kuziba gasketi kwa karatasi ngumu iliyopakwa grisi, hayo wote waliyajua. Ilibidi. Ukiharibikiwa Igawa mwaka 1984 ungempigia nani simu?

Mtoto wa Mbuyuni

Mimi sikuwa na baba dereva, lakini nimelelewa na madereva. Mama yangu alipika Ruaha Mbuyuni, kibanda chini ya mkwaju, jirani na wauza vitunguu. Wanaokwenda Zambia walikula kwake ili wapate nguvu za kuupanda Kitonga, wanaorudi walikula ili miguu iache kutetemeka. Sitanii, nimewaona watu wazima wanashindwa kushika kijiko kwa sababu ya kukanyaga breki kuanzia kule juu.

Kulikuwa na mmoja wa Leyland, mpole sana, alituita wanangu. Akienda, anamwachia mama chupa yake ya chai, anachukua nyingine iliyojaa. Akirudi wanabadilishana tena. Yake ilikuwa ya bluu, kifuniko kimefungwa na uzi wa katani ili kisipotee. Honi yake ilikuwa mbili fupi moja ndefu, anaanza kuipiga kabla hatujamwona, na mama anatia chumvi mboga.

Siku moja walioshuka mlima walikuja kimya. Hakuna aliyeagiza chakula. Mmoja akamwambia mama, "Leyland imekosa breki kona ya juu." Mama hakulia mbele yao. Aliipua sufuria, akamwaga maji kwenye moto, siku hiyo hatukuuza.

Ile chupa ya bluu ilikaa rafuni karibu mwezi mzima. Ndipo akaja utingo wake, mkono umefungwa bendeji shingoni, akasema ametumwa na mke wa marehemu kuja kuichukua. Alilipa na deni la nyama la wiki mbili. Mama alikataa ile hela, wakavutana, mwisho akaipokea kwa sababu kijana alisema mama mwenye msiba amemwapiza asirudi nayo.

Nikisikia mtu anasema madereva wa malori ni wahuni, nanyanyuka naondoka.

Jirani wa Kyaka

Msisahau malori ya vita, vile vya Idi Amin. Mwisho wa 1978 magari ya watu binafsi yalichukuliwa kubeba askari na mizigo kuleta Kagera. Baba mdogo alikuja na Bedford ya tajiri wake kutoka Shinyanga. Daraja la Kyaka lilikuwa limevunjwa, wakakaa ng'ambo ya huku wakisubiri daraja la muda. Anachokikumbuka ni askari vijana waliokuwa wakimwomba alale nje awaachie kabini waandike barua, kwa kuwa ina taa. Aliwaachia.

Kijana wa Mariakani

Assalaam aleikum ndugu zangu wa Tanzania. Nami naomba niingie japo niko ng'ambo ya mpaka.

Babu yangu alikuwa dereva Mombasa. Mwanzo alienda Kampala, kisha akahamia njia ya Zambia: Nairobi, Namanga, Arusha, hadi kwenu Tunduma. Alikuwa na rafiki zake Makambako na Mbeya, Kiswahili chake kikachanganyika, bibi akimtania kuwa amekuwa Mbena. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika, mpaka ukafungwa, na haukufunguliwa tena mpaka 1983. Yeye alikuwa upande wa kwetu siku hiyo, alhamdulillah, lakini njia yake ikafa. Alirudi kwenye ya Malaba, ya kwenda Uganda. Jinsi alivyoisema Makambako mpaka anaingia kaburini, ungedhani ni pahali alipozaliwa. Baridi yake, mahindi ya kuchoma, na mzee mmoja aliyekuwa akimwekea blanketi.

Jambo moja la njia yetu: Mackinnon Road pana msikiti na kaburi la Seyyid Baghali, kando ya reli. Babu hakupita bila kusimama. Anashuka, anasoma Fatiha, anatoa sadaka, anampa tanboi, yaani utingo wake, maji amwagie matairi, ndipo anaondoka. Niliwahi kumuuliza je, akichelewa? Akanambia, "Mjukuu wangu, hapa ndipo ninapoitazama gari yangu." Na kweli, akishamaliza dua alikuwa akiizunguka yote, anagonga kila tairi kwa nyundo ya mbao, anasikiliza.

Binti Scania

Nimesoma zote na nimelia kwa ile chupa ya bluu. Lakini naomba niseme upande wetu sisi tuliobaki nyumbani, nisieleweke vibaya.

Baba aliendesha Scania 111 moja kwa miaka kumi na minne. Si yake, ya tajiri. Ila aliiosha yeye, viti alivishona yeye, dashibodi aliitandika kitambaa cha kufuma alichomwomba mama akifume. Mkanda wa feni ukianza kulia aliujua akiwa amelala. Na hakujua niko darasa la ngapi. Nilikuwa la tano, akaniletea madaftari ya la tatu. Niliyatumia, nikaandika katikati ya mistari mipana, sikumwambia.

Alivunjika mguu kwenye mteremko wa Iwambi, tela lilimsukuma. Tajiri alikuja hospitali mara moja, akaacha maembe na bahasha ndogo, basi. Miaka kumi na minne. Hakukuwa na mkataba, hakukuwa na cha kudai. Gari likatengenezwa, akapewa dereva mwingine, na likawa linapita barabarani mbele ya nyumba yetu. Baba alikuwa akilisikia, anasema, "Anaiua. Haipi muda wa kupumua." Kilichomuuma ni hicho, hata kuliko ile bahasha.

Lilipouzwa chuma chakavu, kaka yangu alikwenda akanunua kioo cha pembeni. Tulikitundika ukutani, mzee akawa ananyolea ndevu hapo mpaka alipofariki. Sasa kiko kwangu. Kina ufa upande wa chini kushoto.

Niliwapenda wote wawili, baba na lile lori. Ila lori lilimpata zaidi yetu.

Mwana wa Fiat

Binti Scania, pole sana dada yangu, na asante kwa kulisema. Kwetu pia ilikuwa hivyo, sema mimi niliruka nikaanzia pale anaporudi.

Mzee wangu yuko hai, ana miaka 86, masikio yamepungua nguvu. Jana nimekaa naye barazani nikamsomea mmoja mmoja, kwa sauti ya juu hadi jirani akaja kukaa. Utingo Mstaafu, anasema wao hawakutumia gogo la mninga, walitumia la mkongo. Fundi, anakusalimu, anasema wao bisibisi hawakuwa nayo, walitumia fimbo. Wa Mariakani, anasema madereva wa Mombasa anawakumbuka kwa kahawa.

Ya Binti Scania aliniambia nirudie kuisoma. Nikairudia. Akakaa kimya muda mrefu, halafu akaniuliza, "Wewe ulikuwa darasa la ngapi nilipoacha safari?" Nikamjibu la saba, baba. Akatikisa kichwa.

Mtoto wa Mbuyuni, wewe ana swali lako. Ameliuliza jana, na leo asubuhi tena kabla ya chai: ule mkwaju bado upo?

Mtoto wa Mbuyuni

Mzee wangu, shikamoo. Upo. Matawi ya upande wa barabara yamekatwa, lakini kivuli cha saa tisa bado kinafika pale mlipokuwa mnapaki. Mama naye yupo, nimempa simu aisome mwenyewe, anataka kujua wewe ndiye uliyekuwa hutaki pilipili?