Kwa yule mwalimu wa taaluma mwenye maiki: sisi wa michezo SI WAJAZA UPEPO!

Wakuu, nimetoka kwenye mahafali yetu ya fom siksi sasa hivi. Niko kwenye bajaji hapa Kabwe, joho bado liko mwilini, mikono inatetemeka kwa hasira. Mods msiunganishe uzi huu na wowote, una moto wake.

Simtaji. Aliyesoma Mbeya hii anamjua: suti ya rangi ya ugoro, akishika maiki haiachii mpaka betri ife. Mkimtaja humu shauri yenu.

Kaanza kututambulisha kwa tahasusi. PCB wakasimama, "Madaktari wetu hao!" Vigelegele. PCM, "Mainjinia!" Vigelegele mpaka turubai likapepea. HGL wanasheria. Hata HKL kawaita mabalozi. Tukafika sisi wa michezo, wachache lakini tumependeza. Jamaa kainama chini ya meza, kaibuka na mpira uliolegea na PAMPU. Pampu, wakuu! "Na hawa ndio wataalamu wetu wa upepo. Hebu mmoja aje atujazie, jioni tuna mechi na walimu." Kidole kikaja kwangu moja kwa moja.

Sasa mama yangu katoka Tukuyu alfajiri, kitenge kipya, mtaa mzima kauambia mwanaye anasomea sayansi. Yuko safu ya pili. Mimi nimepiga goti na joho langu nasaka kitundu. Kila aliyewahi kushika pampu anajua sindano kavu haiingii. Nikailamba. NIMELAMBA SINDANO YA PAMPU MBELE YA MGENI RASMI. Turubai zima likaanguka kicheko, mgeni rasmi mwenyewe kajifuta machozi na tai.

Na mpira wenyewe unavuja! Nimepiga pampu weee, wale PCB wamemaliza udaktari, wamefungua hospitali, wamestaafu, mpira bado haujai.

Huyu mtu anajua nimekesha na nini? Moyo wa mtu aliyetulia unasukuma kama lita 5 za damu kwa dakika, wa mwanariadha aliyeiva akiwa mbioni unavuka lita 30. Akaulize fosfokreatini, ile akiba ya nguvu ya haraka ya msuli, inamfikisha wapi mkimbiaji wa mita 100. Msuli wa paja naujua kwa jina na pale unaposhikia mfupa, halafu naitwa kujaza upepo! 2024 tahasusi zimefika 65, michezo ikapewa kundi lake, yeye huyohuyo akatusimamisha paredi kutuambia fursa hiyo vijana. Simbu wetu kachukua dhahabu ya dunia ya marathoni Tokyo 2025, saa 2:09:48, kampita Mjerumani kwa sekunde 0.03. Naye alianzia kwenye pampu?

Nimeilamba jamani. Mbele ya mama. Tumepanda bajaji hajasema neno, tumefika Mafiati ndiyo ananiuliza, "Mwanangu, kwa hiyo ndiyo kazi yenyewe hiyo?"

Ndizi Mzuzu: Pole sana mkuu. Swali moja tu, mpira ulijaa?

Mleta uzi: Umesoma lakini? UNAVUJA!

Mtu wa Uyole: Fom faivu mpaka siksi na hujui mpira wa kuvuja unatumbukizwa kwanza kwenye ndoo ya maji uone mapovu? Mtaaluma alikuwa anakupa mtihani wa vitendo, umefeli.

Binti Loleza: Mimi nilikuwepo 😂😂 Hajawaambia kwamba wakati analamba alifumba macho.

Mleta uzi: Uongo! Jua lilikuwa usoni.

Binti Loleza: Jua la chini ya turubai?

Mpita Njia: Chai hii.

Mkinga Asiye na Duka: Si chai, huyo mzee namjua. Enzi zetu sisi wa CBA alitugawia majembe siku ya wazazi, eti kilimo kwa vitendo. Tukapalilia viazi vyake, baba zetu wamesimama kwenye tuta wanatazama. Na viazi hatukuonja. Dogo, wewe umepewa pampu tu unalia.

Ndizi Mzuzu: Bora nyie. Sisi wa sanaa tulipewa brashi tukaandike ME na KE chooni.

Mtu wa Uyole: Na uliandika vizuri?

Ndizi Mzuzu: Mpaka leo ziko.

Mleta uzi: Jamani uzi ni wa PAMPU. Mnacheka, lakini mtu akikaa mita 1,700 kama hapa Mbeya, figo zinatoa homoni ya erithropoietini, uboho unaongeza chembe nyekundu. Hayo mngeelezwa na nani?

Kihesa Juu: Tulia dogo, mwinuko si wa Mbeya peke yenu. Makete huko ni zaidi ya mita 2,000 na hawapigi kelele.

Mpita Njia: Kama hewa inasaidia kihivyo, mbona Mbeya City hawabebi kombe kila mwaka?

Mkinga Asiye na Duka: 2013/14 wamepanda tu ligi kuu wakamaliza wa tatu. Ulikuwa wapi, Dar unakula feni?

Binti Loleza: Prisons ndiyo timu. Hao wengine wapangaji tu pale uwanja wa Sokoine.

Mkinga Asiye na Duka: Prisons mashabiki wake wanakwenda kwa zamu ya kazi.

Binti Loleza: Na nyie mnaingia kipindi cha pili geti likiwa wazi.

Mleta uzi: Wakuu... nililamba sindano...

Mtu wa Uyole: Tumeshasikia. Mods hamishieni jukwaa la michezo huu.

Kihesa Juu: Jumamosi nakuja huko kwenye mechi. Gesti yenye maji ya moto ya kweli, si ya kwenye bango, ni ipi? Mara ya mwisho Soweto ya hapo Mbeya niliogea jagi.

Ndizi Mzuzu: Mtu wa Iringa anaogopa maji ya baridi?

Kihesa Juu: Iringa ni upepo, nyie ni baridi. Haya, gesti ipi?

Mtu wa Uyole: Njoo na hita yako.