Faita (mpiganaji) levo 7, DM (mwongoza mchezo) kasema nichague vifaa viwili vya kichawi, nichukue vipi?

Joka_Kijivu
Wakuu habari za jioni, naomba ushauri. Tunacheza D&D (mchezo wa kuigiza wahusika kwa kurusha dadu) toleo la tano, sheria za 2014, kareakta wangu ni faita wa tawi la Battle Master, dragonborn (mtu-joka), ndo kafika levo 7. Nguvu 18, hekima 11, navaa plate (deraya ya chuma ya mwili mzima), nina ngao ya kawaida na longsword ya kawaida, staili ya kupigana ni Dueling. Kwenye timu yupo mchawi, mwizi na kleriki (kuhani). DM katupa zawadi, kila mtu achague kifaa kimoja cha daraja la adimu kidogo na kimoja adimu kamili, chochote kilichomo kwenye kitabu cha DM.
Mimi nilikuwa nawaza Gauntlets of Ogre Power na Ring of Protection. Ila kuna vitu viwili vinatutesa, kwanza maadui wanaoruka, juzi manticore katupiga miiba yake ya mkia kutoka juu na mimi niko chini nimeshika upanga tu, pili mchawi wa adui akinirushia Hold Person, uchawi wa kumgandisha mtu, nakauka palepale mpaka pambano linaisha. Mnashaurije?

dadu20
Achana na hizo Gauntlets mkuu. Zinaifanya nguvu yako iwe 19, haziongezi juu ya uliyonayo, na 18 na 19 zote zinakupa nyongeza ileile ya +4, kwahiyo utakuwa umechoma nafasi ya atunimenti (kujifunga na kifaa ili kikufanyie kazi) bure kabisa. Zile ni za kleriki au mtu mwenye nguvu 10 anayetaka kupigana karibu.
Kwako la kwanza ni silaha, sio pete. Kuanzia levo hizi, kwa sheria za 2014, utakutana na viumbe wengi ambao upanga wa kawaida unawaumiza nusu tu, magagoili, mawaiti, mashetani, na wewe kazi yako yote kwenye timu ni kupiga. Chukua Flame Tongue, upanga wa moto, kwenye ile nafasi ya adimu. Ukiuwasha inaongeza dadu mbili za pande sita za moto kila unapopata, wastani 7, na wewe unapiga mara mbili kwa zamu, ukitumia Action Surge (uwezo wa faita wa kutenda mara ya ziada) mara nne. Longsword yako sasa hivi na Dueling ni wastani wa 10 na nusu, inapanda mpaka 17 na nusu. Halafu dragonborn hamuoni gizani, huo moto unawaka mwanga mkali futi 40, unatatua na hilo.

Mzee_wa_Kete
Nakubali kuhusu Gauntlets ila kwenye Flame Tongue nina wasiwasi, mashetani uliyoyataja wewe mwenyewe moto hauwagusi kabisa. Kama kampeni inaelekea kuzimu, longsword +2 ni bora, +2 kwenye kupiga na +2 kwenye madhara, na haitaki atunimenti. Muulize DM kidogo mnaelekea wapi.
Na hapo ndo watu wengi hawaangalii, jamani. Mwisho wa atunimenti ni vitu vitatu kwa mtu mmoja, basi. Dhahabu mtaipata, nafasi ya nne hupati. Mimi kila nikichagua kifaa najiuliza kwanza kama kinataka nafasi, na kama kinataka, je hamna kingine kinachofanya kazi hiyohiyo bila nafasi?

BintiKleriki
Manze hapo Mzee amesema. Ndio maana kwa hiyo shida ya manticore nisingechukua Winged Boots (buti za kuruka) hata kama kila mtu anazisifu. Chukua Broom of Flying (fagio la kuruka), daraja ni lilelile na haitaki atunimenti. Spidi yake ni futi 50 lakini ikibeba zaidi ya ratili 200 inashuka hadi 30, na dragonborn mwenye plate ya ratili 65 lazima amepita hapo. Sasa buti zinakupa spidi yako ya kutembea, ambayo ni 30 vilevile. Spidi sawa, halafu fagio linakuachia nafasi. Na buti za 2014 zina masaa manne tu ya kuruka kabla zijichaji tena.
Sasa Hold Person. Hapa ndio sitaki utumie kifaa. Ring of Protection itakupa +1 tu kwenye sevu (dadu ya kujiokoa na uchawi), na hekima yako ni +0, bado utakauka. Uko levo 7, levo 8 faita anapata nafasi ya kuongeza takwimu au kuchukua fiti (kipaji maalum) kama meza yenu inaruhusu. Chukua Resilient ya hekima: 11 yako inakuwa 12, unapata +1, na ustadi wa +3 juu yake, jumla +4 kwenye kila sevu ya hekima, na inakua ukipanda levo. Kabla ya hapo mwambie kleriki wenu awapige Bless, uchawi wa baraka, mwanzo wa pambano, mimi huwa naanza nayo, hiyo dadu ya pande nne kwenye sevu imeokoa watu wangu sana.

Joka_Kijivu
Aisee levo 8 nilikuwa nimeipangia kupeleka nguvu 20, lakini kukaa nimekauka zamu nzima kunaumiza timu kuliko hiyo +1, fiti tunaruhusiwa. DM anasema adui mkubwa ni mfalme wa wafu, sio mashetani, basi Flame Tongue na fagio. Swali moja tu, upanga mkono huu ngao mkono ule, fagio nalishika na nini?

Mzee_wa_Kete
Kitabu kinasema unalipanda na kutamka neno la amri, mikono hakijaitaja. Muulize DM kabla ya sesheni, msije mkabishana katikati ya pambano.

BintiKleriki
Na beba javelini kadhaa, ukiwa juu futi 30 hutaki kila mara kumfuata adui mpaka chini.